Mshale wa Kurudi

Mshale ulisogea kabla mtungi haujawashwa.

Zilya Maratovna aliuona kwa macho yake mawili, saa nne asubuhi, taa zote za ukumbi zikiwaka na chai yake ikifuka mvuke kando ya daftari. Mezani kwake palikuwa na mishale miwili. Wa kushoto ulipima mawimbi yanayokwenda, wa kulia ulipima yanayorudi. Umeme mkubwa ulikuwa umekatwa, ufunguo haukuwa tunduni, mtungi umepoa kama maiti, na mshale wa kushoto ulilala kwenye sifuri kama ilivyotakiwa. Wa kulia ulikuwa umesimama kwenye tatu.

Cha kwenda hakuna. Cha kurudi kipo.

Aligonga kioo cha mshale kwa ukucha. Ukashuka, ukatulia, halafu ukaanza kupanda tena taratibu, mpaka tatu.

"Arkadi Lvovich," aliita kwa sauti ya chini. "Hebu njoo uone."

Pogodin, mkuu wa ukumbi, alikuja akitafuna mkate uliopakwa mafuta ya nguruwe. Alitazama kidogo tu.

"Waya mbovu. Badilisha waya."

"Nimebadilisha juzi."

"Basi tubadilishe mhandisi." Akacheka peke yake, akaenda zake.

Watu wa kazi ile hawaogopi kitu kama wanavyoogopa kinachorudi. Mtungi wenyewe ni wa shaba na chuma, mrefu kuliko mtu, na ndani yake hamna hata hewa. Ukiwashwa hurusha mawimbi yenye nguvu ya kuchemsha pipa la maji kabla mtu hajamaliza sigara. Mawimbi hutokea kwenye dirisha dogo la kauri, yakapita katika bomba la shaba la mita ishirini, yakaishia kwenye pipa la maji, na humo ndimo yanamotakiwa kufia. Mafundi wa pale mjini Gorki waliliita pipa hilo kaburi. Kaburi jema humeza kila kitu. Lakini bomba likibonyea, au boliti ikilegea, au pipa likiingia povu, sehemu ya mawimbi hugeuka ikarudi ilikotoka. Na kwa kuwa njia ni ndefu, kinachorudi ni kile kilichosemwa kitambo kidogo, nacho kinaukuta mtungi umeshafika kwenye maneno mengine. Hapo mtungi huchanganyikiwa. Huacha sauti yake ukashika nyingine, hutetemeka, dirisha hupata moto, na mwishowe hupasuka, na kazi ya mwezi mzima imekwenda na maji.

Tangu Novemba madirisha mawili yalikuwa yameshapasuka. La tatu ndilo lililobaki ghalani, na mpango wa mwaka ulisema Mtungi Namba Kumi na Saba uwe umefaulu majaribio kabla ya tarehe thelathini na moja Desemba. Mpango haujui jini wala waya mbovu.

Siku ya pili ilikuja harufu. Ilitoka upande wa pipa, harufu ya hamamu ya mbao, ya matawi yaliyolowekwa kwenye maji ya moto, na chini yake harufu ya nywele zilizoungua. Wapiga deki walisugua ukumbi mzima kwa sabuni na harufu ikabaki palepale. Siku ya tatu kukaanza kugongwa. Ngo, ngo, ngo, ndani ya bomba la shaba, mara tatu, halafu kimya. Mafundi wakatazamana, na kila mmoja akakumbuka ana kazi jengo la pili.

Zilya hakukimbia. Aliijua ile hesabu ya tatu, na aliijua ilikuwa ya nani.

Ilikuwa ya Tonya.

Antonina Vetlugina, fundi wa pipa, msichana wa miaka ishirini na tisa mwenye vifundo vyekundu vya mikono na mdomo usiokaa kimya. Nyuma ya jengo lile, mahali palipowahi kuwa na hamamu kongwe, palikuwa na shimo la kumwagia maji yaliyochemka kutoka kwenye pipa. Mfagiaji mmoja wa zamani, bibi wa Kitatari ambaye sasa ni marehemu, alikuwa amemfundisha Tonya kwamba mashimo ya namna hiyo yana wenyewe, na wenyewe wana watoto, na mwenye adabu hamwagi maji ya moto bila kubisha hodi. Tonya alikuwa Mrusi, tena asiyeamini hata mwezi mpaka auone. Lakini adabu ilimpendeza. Basi kila mara kabla ya kufungua koki aligonga bomba kwa spana mara tatu, akasema, "Wenyewe, kaeni kando, maji ya moto yanakuja." Wenzake walimcheka mpaka wakazoea. Miaka sita hakuacha hata siku moja.

Ukumbi ule ulikuwa na sheria moja iliyo juu ya sheria zote. Mtu akiingia kizimbani, nyuma ya ukuta wa risasi, ile metali nzito, kukaza boliti ya bomba, lazima achomoe ufunguo wa umeme mezani aende nao mfukoni. Ufunguo ukiwa mfukoni mwake, hakuna wa kumwashia. Ufunguo ulikuwa mmoja tu, na Tonya alikuwa ameuzungushia uzi wa sufi ili usimpotee.

Ufunguo ulikuwa mmoja kwa mujibu wa sheria. Pogodin alikuwa amechongesha wa pili, ukae kwenye droo yake, kwa sababu mafundi walikuwa wazito wa kutoka na mpango hauna subira.

Siku ya mwisho ya Septemba, mshale wa kurudi ukipanda, Tonya alichomoa ufunguo akaingia kukaza boliti. Pogodin akatazama saa. Akatoa ule wa droo, akautia tunduni.

"Washa, Zilya Maratovna. Ameshatoka."

Kulikuwa na kioo kidogo kwenye ukuta wa risasi. Hatua mbili tu, akachungulie. Zilya hakwenda. Aliugeuza ufunguo kwa mkono wake mwenyewe.

Sekunde nane. Tonya alitoka akiwa amefunika uso, akilalamika kwamba macho yanawaka, na Zilya ndiye aliyemvua koti la kazi akalitundika kwenye msumari nyuma ya pipa. Siku ya tisa alimpelekea matofaa hospitalini. Jua lilikuwa limejaa kitandani, muuguzi anagawa uji, na Tonya akainua kichwa akauliza kama mtu anayeuliza jambo dogo:

"Nani amezima taa?"

Tume ilipokuja, Pogodin aliwaonyesha ufunguo na kusema ulikuwa mezani muda wote, fundi aliusahau. Zilya akatia sahihi kwamba aliuona. Tonya alifukuzwa kazi kwa uzembe, kipofu. Na Zilya, aliyekuwa kwenye foleni ya nyumba miaka kumi na mmoja, mwezi uliofuata alipewa vyumba viwili ghorofa ya nne, vyenye dirisha la kuelekea kusini. Hakuuliza kwa nini foleni imekuwa fupi ghafla. Mja mwenye njaa haulizi mkate umeokwa na nani.

Na tangu siku ile hakuna aliyebisha hodi. Maji ya moto yalimwagwa tu.

Haya yote Zilya angeweza kuishi nayo. Binadamu ana tumbo kubwa kuliko pipa lile. Lakini jioni moja ya Desemba binti yake Alsu, mwenye miaka tisa, mtoto wake wa pekee, aliweka kitabu chini akajisugua macho.

"Mama, kwenye dirisha kuna utando."

"Ni barafu, mwanangu."

"Nikigeuka unanifuata."

Daktari wa macho alimpima akasema haoni ugonjwa wowote. Asubuhi yake Alsu alimimina chai nje ya kikombe, akacheka, akasema kikombe kimehama. Zilya alicheka naye, kisha akaingia bafuni akauma taulo.

Siku hiyo hiyo mshale wa kurudi ulipanda mpaka saba. Pogodin akaamuru mtu aingie kizimbani akaangalie boliti, na mafundi wote wakawa wanatazama viatu vyao.

"Nitaingia mimi," alisema Zilya.

Alichomoa ufunguo akautia mfukoni, akapita ukuta wa risasi. Akaanza kukagua boliti moja baada ya nyingine, na kila alipogusa shaba aliikuta ina joto, joto la mwili, ilhali mtungi ulikuwa haujawashwa siku nne, na ile harufu ya hamamu ilimkaa kooni, na ndipo fahamu ikamjia kwamba ufunguo alionao mfukoni ni ule ule wa droo, na aliyechongesha wa pili hashindwi kuchongesha wa tatu, na kwamba mfuko wake umemlinda kama mfuko wa Tonya ulivyomlinda Tonya, na nje ya ukuta ule yupo mtu anayetazama saa. Akageuka atoke, na bomba likagongwa kutoka ndani, ngo, ngo, ngo, karibu kabisa na shavu lake, kisha sauti ikasema, si kwa Kirusi bali kwa Kitatari cha bibi yake mzaa mama, sauti ya mwanamke iliyochoka kwa kulia:

"Yule aliyekuwa akitubishia hodi yuko wapi?"

Zilya akaishika boliti kwa mikono miwili.

"Mtoto wangu hakusikia hodi. Alikuwa amelala. Maji yalimwingia machoni." Shaba ikazidi joto. "Na wewe una mtoto."

Alitoka kwa magoti. Pogodin alimtazama vumbi lililomjaa gaunini.

"Boliti?"

"Zote nzima," alinong'ona Zilya.

Jumapili alipanda basi kwenda kijiji cha Watatari kusini ya mkoa, kwa Magsuma, bibi aliyesoma, ambaye watu walimwendea kimyakimya kwa kuwa serikali ilikuwa imeshatangaza kwamba majini hakuna. Bibi alikuwa anamnyonyoa bata bukini manyoya, beseni katikati ya miguu. Hakuinuka.

"Kaa, mwanangu. Chai hiyo hapo, maziwa jitilie mwenyewe. Nani mgonjwa?"

"Binti yangu. Macho."

"Nani aliyekosa?"

Zilya alisema habari ya shimo na maji. Alisema na ya Tonya, lakini alisema tu kwamba fundi alipata ajali akaondoka. Bibi aliendelea kunyonyoa manyoya.

"Wamesema wanamtaka nani?"

"Aliyekuwa akibisha hodi."

"Basi mrudisheni. Akigonga na kuwaomba radhi watamsikia, maana wanamheshimu. Lakini nisikilize vizuri." Aliinua macho, yakamkazia. "Watamwuliza nani alimtoa mlangoni kwao. Wao ni watu wa neno. Mpeni kwanza haki yake, na ajibu ukweli. Ukiwapelekea mtu na uongo kinywani mwake, umewatukana mara ya pili, na hapo usinijie mimi tena."

"Na akijibu anavyojua yeye?"

"Anajuaje?"

Zilya akanywa chai.

"Haya," alisema bibi, akarudi kwa bata wake. "Mwongo kwa mganga ni kama mchafu kwa mwosha. Mwisho wa siku anajulikana."

Basini, njia nzima, Zilya alipiga hesabu. Akisema ukweli, ni jela. Alsu atalelewa na serikali, na nyumba itakwenda kwa mwingine. Asiposema, Tonya atajibu kile alichoambiwa na tume, naye anakiamini, na mtu anayesema anachokiamini si mwongo. Ilikuwa hesabu safi. Wahandisi wana ugonjwa huo.

Pogodin alimsikiliza mpaka mwisho bila kucheka, jambo ambalo halijawahi kutokea.

"Kipofu aje agonge bomba?"

"Ndiyo."

"Na mshale utashuka?"

"Utashuka, Arkadi Lvovich."

"Lete kipofu, lete padri, lete na mbuzi ukitaka." Alikuwa anasaini karatasi ya kuruhusu mgeni kuingia. "Ila akitoka hapa asiwe amejua kitu. Umenielewa? Tulitia sahihi wawili."

Tonya alikuwa anaishi na mama yake chumba kimoja kwenye bweni la wafanyakazi, ng'ambo ya mto Oka. Alifungua mlango mwenyewe. Macho yake yalikuwa meupe kama maziwa ya kuganda, na alitabasamu kabla hajaambiwa ni nani.

"Dada Zilya! Nimejua unavyopanda ngazi, unaburuta kisigino. Mama, weka chai! Alsu hajambo? Ile soksi niliyomfundisha kufuma alimaliza?"

"Alimaliza," alisema Zilya. Hakuwa amemaliza. "Tonya, kuna kazi. Wanakuhitaji ukumbini."

Tonya alikaa chini polepole.

"Mimi? Kwa macho haya?"

"Kugonga bomba tu. Mafundi wanaogopa. Ukifanya vizuri, Arkadi Lvovich ataangalia kama unaweza kurudishwa, hata kwa kazi ya kukaa."

Huo ulikuwa uongo mpya, alioutunga mlangoni palepale. Tonya alishika uso kwa mikono miwili.

"Unajua, dada," alisema chini, mama yake asisikie, "kila siku ninairudia siku ile. Mkono wangu unakumbuka nikiutia mfukoni ule ufunguo. Unakumbuka hata uzi. Lakini wakubwa wote wakasema ulikuwa mezani, na wewe uliuona. Nikasema basi, Tonya, na akili nayo imekwenda na macho."

"Usijitese," alisema Zilya. "Hutokea kwa kila mtu."

Jumamosi tarehe ishirini na tisa, saa nne asubuhi, waliingia ukumbini wakiwa wameshikana mikono. Pogodin alikaa mezani karibu na mishale. Wa kurudi ulikuwa kwenye tisa, na chuma cha meza kilikuwa kinanguruma kwa chini, ilhali umeme ulikuwa umekatwa. Tonya alisimama akanusa.

"Hamamu," alisema. "Jamani. Mmewafanya nini hawa?"

"Baridi, Tonya?" aliuliza Zilya, maana alimwona anatetemeka.

"Baridi ya kutoka ndani. Koti langu bado lipo? Nilikuwa nalitundika nyuma ya pipa."

Lilikuwepo. Miezi mitatu hakuna aliyeligusa. Mali ya mtu aliyepatwa na balaa haishikwishikwi. Zilya alilitoa msumarini akalikung'uta vumbi na kumvalisha, mkono mmoja, kisha wa pili, kwa upole, akamfunga vifungo.

Kisha akamwongoza mpaka kwenye bomba, akamtia spana mkononi. Ngo, ngo, ngo. Wakasubiri. Bomba likajibu kutoka ndani, polepole, kama mtu anayerudia somo: ngo, ngo, ngo, na baada ya kitambo, ngo ya nne.

Zilya alihesabu tena kichwani. Tonya amegonga tatu na zimerudi nne, na hakuna bomba duniani linalorudisha zaidi ya lilichopewa.

"Wenyewe," alisema Tonya kwa sauti yake ya zamani, ya adabu, "ni mimi. Nimesikia mmeumizwa. Poleni. Poleni sana." Akainamisha kichwa kusikiliza, kope zikipigapiga juu ya yale maziwa. "Wananiuliza jambo, dada Zilya."

"Wanauliza nini?"

"Nani alinitoa mlangoni kwao."

Zilya alimsogelea, akaweka mdomo sikioni pake, na huku akinong'ona alikuwa anamwona Alsu akimimina chai mezani, akiona utando dirishani, akigeuza kichwa na utando ukimfuata, na harufu ya nywele zilizoungua ilikuwa nzito kiasi kwamba maneno yalitoka yakiwa na ladha yake, "Waambie ulivyoiambia tume, mpenzi, waambie uliusahau ufunguo mezani, kosa lilikuwa lako, ni neno moja tu, liseme tuondoke, liseme kwa ajili ya Alsu, si unampenda Alsu?"

"Nampenda," alisema Tonya. Akavuta pumzi. "Wenyewe, hakuna aliyenitoa. Niliusahau uf..."

Mkono wake wa kushoto, kwa mazoea ya miaka sita, ulikuwa umeingia mfukoni mwa koti.

Mkono ukabaki mfukoni muda mrefu. Zilya aliona vidole vikitembea ndani ya kitambaa, vikizunguka kitu, vikihesabu. Kisha ukatoka. Kiganjani palikuwa na ufunguo mdogo wa chuma uliozungushiwa uzi wa sufi.

Pogodin alisimama mezani akakaa tena.

"Ulikuwa kwangu," alisema Tonya. Sauti yake haikupanda. "Muda wote ulikuwa kwangu. Sasa waliouonyesha tume ulikuwa upi?"

"Tonya..."

"Nani aliugeuza, dada?"

Zilya alifungua mdomo, na uongo, uliokuwa haujawahi kumwangusha maishani, haukuja.

"Ni mimi," alisema. "Niliambiwa umetoka. Sikutazama. Tonya, niadhibu mimi, nishitaki, nitakwenda mwenyewe kwa mwendesha mashtaka leo hii, lakini waombe wamwache Alsu. Watakusikiliza wewe. Waombe!"

Tonya alimgeuzia uso, na kwa mara ya kwanza tangu Septemba hakutabasamu.

"Wewe tume ilipokuuliza habari zangu, uliniombea?"

Akaligeukia bomba, akaweka kiganja juu yake kama anavyowekewa mgonjwa.

"Wenyewe, nilitaka kuwadanganya, sikujua. Ukweli mmeusikia, umesemwa na mwenyewe. La kwangu mimi nimemsamehe, sina nguvu ya kulibeba. La kwenu si langu."

Akafungua koki. Maji yakateremka kuelekea shimoni, ngurumo ikakatika, na harufu ya hamamu ikaondoka kama mlango umefunguliwa.

"Sifuri!" alipiga kelele Pogodin kutoka mezani. "Sifuri! Umelala kabisa!"

Tonya alimshika Zilya mkono, akaufungua vidole kimoja kimoja, akaweka ufunguo ndani, akaufunga.

"Urudishe mezani," alisema. "Mliandika ulikuwa mezani."

Namba Kumi na Saba uliwashwa na kunguruma dakika arobaini bila kutetereka. Mawimbi yote yalikwenda na hakuna hata chembe iliyorudi, jambo ambalo mtu wa kazi ile hulitamani maisha yake yote na halioni. Pogodin alimimina spiriti ya maabara kwenye vikombe vya chai, akambusu kila mtu. Dirisha la tatu lilikuwa zima. Mpango ulikuwa umetimia. Zilya peke yake ndiye aliyeutazama ule mshale uliolala na asifurahi, kwa sababu alikuwa mhandisi, na alijua kwamba wimbi halipotei. Lisiporudi, limepokewa mahali.

Alimrudisha Tonya bwenini. Kisha akaenda kwake, kwanza kwa kutembea, kisha kwa kukimbia, ufunguo ukiwa bado kiganjani umemchora uzi kwenye ngozi. Alipanda ghorofa nne akiburuta kisigino.

Ilikuwa saa saba mchana. Jua la kusini lilikuwa limejaa chumba kizima, likimeremeta juu ya theluji ya nje hata mtu ataka kufumba macho. Alsu alikuwa amekaa karibu na dirisha, sindano za kufumia mkononi na soksi isiyokwisha mapajani, uso umeelekea mlangoni.

"Mama? Ni wewe?"

"Ni mimi."

Kwenye bomba la kupashia nyumba joto, chini ya dirisha, pakagongwa mara tatu, taratibu, kwa adabu, kama anavyogonga mtu aliyefundishwa kubisha hodi. Alsu aligeuza kichwa kusikiliza, kisha akainua uso kwenye lile jua lote.

"Mama," alisema, "nani amezima taa?"